Afrika Ipi? Kuchagua Majumba ya Makumbusho ya Urithi wa Kiafrika katika Mji wa Salvador, Bahia

Utangulizi

Mji wa Salvador katika jimbo la Bahia, kaskazini-mashariki mwa Brazili, uliasisiwa na Tomé de Sousa mwaka 1549, nao ukawa makao makuu ya koloni hilo la Wareno hadi mwaka 1763. Kwa muda wa karne tatu bandari yake ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za biashara ya watumwa duniani. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waafrika wapatao milioni 4.8 walishushwa wakiwa hai katika pwani ya Brazili, na kwamba milioni moja na nusu hivi kati yao walishukia Bahia. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria ya Brazili hadi tarehe 13 Mei 1888.

Si ajabu, basi, kwamba mji huu umejaa kumbukumbu za Afrika, na kwamba yapo majumba kadhaa ya makumbusho yanayodai kuzihifadhi kumbukumbu hizo. Msomi wa lugha za Kiafrika akijaliwa kufika huko, aghalabu kwa siku chache tu, hana budi kuchagua. Atakuta jumba la chuo kikuu, jumba lililojengwa kwa ushirikiano na nchi ya Benin, majumba madogo yaliyomo ndani ya nyumba za ibada, na jumba la tajiri mmoja aliyekuwa akikusanya fedha na dhahabu. Kila moja litamwonyesha Afrika, lakini si Afrika ile ile.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kufanya uchaguzi huo. Hoja yetu ni kwamba jumba la makumbusho halipimwi kwa wingi wa vitu vyake, bali kwa maswali matatu. Kwanza, ni nani aliyevikusanya vitu hivi, na kwa haki gani? Pili, vinatajwa kwa lugha ya nani? Tatu, ni nani ambaye hakupata nafasi katika makabati haya, na alikosa nafasi kwa sababu gani? Swali la tatu ndilo linalotugusa zaidi sisi tunaoshughulika na lugha za Kibantu, kama tutakavyoona hapo mbele.

Jengo la Terreiro de Jesus

Yafaa tuanze na Museu Afro-Brasileiro, yaani Makumbusho ya Afro-Brazili ya Chuo Kikuu cha Bahia, yaliyofunguliwa mwezi wa Januari 1982 katika uwanja uitwao Terreiro de Jesus. Makumbusho haya ni tunda la Kituo cha Taaluma za Kiafrika na Mashariki, ambacho Agostinho da Silva alikianzisha katika chuo hicho mwaka 1959, na ambacho mapema kabisa kilimwalika mwalimu kutoka Nijeria aje kufundisha Kiyoruba. Mkataba wa kuyaanzisha makumbusho ulitiwa saini mwaka 1974, lakini miaka minane ilipita kabla milango haijafunguliwa. Kuchelewa huko kwenyewe kunatufundisha jambo, maana katika miaka hiyo wapo watu wa mjini waliopinga waziwazi kwamba jengo tukufu la Chuo cha Tiba litumiwe kwa mambo ya watu weusi.

Jengo hilo lina historia yake. Humo ndimo alimofundisha Raimundo Nina Rodrigues (1862–1906), profesa wa tiba ya mambo ya jinai, ambaye ndiye aliyetangulia kuzichunguza kwa utaratibu dini na lugha za Waafrika wa Bahia. Tunamdai shukrani na lawama kwa wakati mmoja. Aliingia katika nyumba za ibada, akazungumza na wazee waliozaliwa Afrika, akaandika maneno yao. Kitabu chake kuhusu Waafrika katika Brazili, kilichochapishwa mwaka 1932 baada ya kufa kwake, kina orodha za maneno ya lugha kadhaa za Afrika ya Magharibi, kikiwamo Kihausa, na bila orodha hizo tungekuwa gizani. Lakini mtu huyu huyu aliamini kwamba mtu mweusi ni duni kwa maumbile, na akapendekeza kwamba sheria ya jinai isimhesabu mweusi sawa na mweupe. Kwake yeye sala ya Mwafrika ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Anayeingia katika makumbusho ya leo hana budi kukumbuka kwamba anatazama vitu vya kandomble ndani ya kuta ambamo waumini wa kandomble waliwahi kuandikwa kama wagonjwa. Katika ukumbi mmoja kuna mbao 27 za mwerezi zilizochongwa na msanii Carybé, kila ubao ukiwa na umbo la orisha pamoja na silaha zake na mnyama wake. Ni kazi kubwa yenye haiba, nayo huvuta macho ya wageni wote. Carybé mwenyewe alizaliwa Argentina, lakini aliishi Bahia miaka mingi na alikuwa na cheo katika nyumba ya ibada. Kwa hiyo kazi yake ni ushahidi wa mtu aliyekaribishwa ndani, ingawa hakuzaliwa humo.

Mkusanyo wa Polisi

Swali letu la kwanza, yaani nani aliyekusanya na kwa haki gani, halina mahali linapouma kuliko katika habari za mkusanyo uitwao Estácio de Lima. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 polisi wa Bahia walikuwa wakizivamia nyumba za kandomble. Mkuu mmoja wa polisi, Pedro Gordilho, alipata sifa mbaya kwa uvamizi huo katika miaka ya 1920. Ngoma zilichukuliwa, na viti vya enzi, na mavazi, na vyombo vya chuma vya miungu. Vitu hivyo havikuteketezwa vyote. Baadhi viliwekwa kama vielelezo vya mashtaka, kisha vikawa vielelezo vya sayansi.

Kwa miaka mingi vilionyeshwa katika jumba lililokuwa chini ya taasisi ya uchunguzi wa maiti, lenye jina la daktari Estácio de Lima. Humo vilikaa pamoja na silaha za wahalifu na vichwa vilivyokaushwa vya majambazi waliouawa mwaka 1938, akiwamo Lampião mashuhuri; vichwa hivyo havikuzikwa hadi mwaka 1969. Hebu tufikiri maana ya kuviweka vitu hivi bega kwa bega. Hapakuhitajika maandishi yoyote ya kumwambia mtazamaji kwamba ngoma ya ibada ni chombo cha uhalifu, maana kabati lilikwisha kusema.

Hata sheria ilikuwa ikisema hivyo hivyo. Hadi mwaka 1976 nyumba za kandomble za Bahia zililazimika kujiandikisha polisi na kuomba ruhusa kabla ya kufanya ibada zao, jambo ambalo halikudaiwa kwa makanisa. Amri ya gavana ya Januari mwaka huo ndiyo iliyoondoa sharti hilo. Katika miaka ya 1990 wazee wa nyumba za ibada walidai mbele ya wakuu wa serikali kwamba vitu vyao vitolewe katika jumba la jinai. Vikahamishiwa kwanza katika jumba la makumbusho la mji, na mwaka 2010 vikafikishwa katika Makumbusho ya Afro-Brazili.

Je, huko ndiko kurudishwa? Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa sasa vimepewa heshima. Wako wanaosema hapana, kwa kuwa kitu kilichonyakuliwa kutoka madhabahuni hakijarudi mpaka kimefika madhabahuni. Mwandishi wa makala haya anaelekea upande wa pili, lakini anakiri kwamba baada ya miongo mingi si rahisi kujua kila kiti kilitoka nyumba gani, kwani waliovinyakua hawakujali kuandika. Kwa sababu hiyo tunashauri mkusanyo huu utazamwe mapema. Unampa mtazamaji kipimo cha kuyapimia majumba mengine.

Njia ya Benin

Jumba la tatu la kutazamwa ni Casa do Benin, yaani Nyumba ya Benin, iliyofunguliwa mwaka 1988 katika mtaa wa Pelourinho. Msanifu wake alikuwa Lina Bo Bardi, aliyelitengeneza upya jengo la kikoloni kwa kazi hiyo, na vitu vyake vilikusanywa na Pierre Verger. Mtu huyu anastahili kuelezwa kidogo. Alizaliwa Paris mwaka 1902, akafika Bahia mwaka 1946 akiwa mpigapicha, na akafia huko huko mwaka 1996. Mwaka 1953 alitawazwa kuwa mganga wa ramli ya Ifa katika mji wa Ketu, ulioko Benin, akapewa jina la Fatumbi. Kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu biashara ya watumwa kati ya Ghuba ya Benin na Bahia bado ni nguzo ya taaluma hii. Picha zake, zaidi ya 60,000, zinahifadhiwa na taasisi yenye jina lake katika nyumba aliyokuwa akiishi.

Jambo kubwa ambalo Verger alilionyesha ni kwamba safari ya bahari haikuwa ya upande mmoja. Tumbaku ya Bahia ilikwenda Ghuba ya Benin, na watumwa wakaja Bahia. Kisha baadhi ya watu waliojikomboa wakarudi Lagos, Ouidah na Porto Novo, wakijenga nyumba kwa mtindo wa Bahia na kubaki na majina ya Kireno. Casa do Benin inaonyesha uhusiano huu kwa uzuri, kwa kuviweka vitu vya Benin mbele ya macho ya wajukuu wa waliotoka huko.

Lakini hapa ndipo swali letu la tatu linapoanza kuchomoza. Kwa kuwa mkusanyaji mkuu wa majumba haya alikuwa mtu mmoja, na kwa kuwa mapenzi yake yalikuwa katika nchi za Wayoruba na Wafon, Afrika ya makabati imekuwa kwa kiasi kikubwa Afrika ya Ghuba ya Benin. Mgeni asipotahadhari ataondoka akiamini kwamba watu weusi wa Bahia wote walitoka huko.

Nyumba za Ibada Zajieleza

Jumba la aina ya nne ni lile ambalo wenyewe wamelianzisha. Nyumba ya ibada ya Ilê Axé Opô Afonjá iliasisiwa mwaka 1910 na Eugênia Ana dos Santos, aliyejulikana kama Mama Aninha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya uongozi wa Mama Stella de Oxóssi (1925–2018), aliyekuwa muuguzi kwa kazi yake, nyumba hiyo ilijifungulia makumbusho yaitwayo Ilê Ohun Lailai. Jina hilo ni la Kiyoruba, na maana yake ni nyumba ya vitu vya kale. Vilevile, katika nyumba ya Gantois, chumba cha marehemu Mama Menininha (1894–1986) pamoja na vitu vyake vilifanywa ukumbusho mwaka 1992.

Tofauti ya majumba haya na yale ya awali haiko katika thamani ya vitu. Vingi ni vitu vya kawaida: kiti, miwani, gauni la lesi, mkufu wa shanga. Tofauti ni kwamba hapa kipo kinachoonyeshwa na kipo kinachofichwa, na anayeamua ni mwenye nyumba. Polisi hawakutambua mpaka huo, wala Nina Rodrigues hakuutambua. Mtafiti anayezoea kudhani kwamba kila kitu ni haki yake kukiona, atajifunza hapa adabu ya kungojea mlangoni. Kadhalika atajifunza kwamba maelezo ya Kiyoruba yanayoandikwa humo ni lugha ya sala inayoendelea kusaliwa, na si pambo la kumfurahisha mtalii.

Serikali nayo ilichelewa kutambua. Mwaka 1984 ndipo baraza la taifa la hifadhi ya urithi lilipopiga kura, baada ya mabishano makali, kuiingiza nyumba ya Casa Branca katika orodha ya urithi wa taifa, ikiwa nyumba ya kwanza ya kandomble kupata hadhi hiyo. Wapinzani waliuliza inawezekanaje kuhifadhi miti na vibanda kama makanisa ya mawe. Opô Afonjá ilifuata mwaka 2000.

Wabantu Wako Wapi?

Sasa tulikabili swali la tatu moja kwa moja. Historia ya biashara ya watumwa inatuambia kwamba katika karne ya 17 waliopelekwa Bahia walitoka zaidi Angola na Kongo, na kwamba waliendelea kuja hata baada ya biashara ya Ghuba ya Benin kukua. Wayoruba walikuja kwa wingi baadaye, mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, dola ya Oyo ilipokuwa ikiporomoka. Kwa nini basi waliotangulia wameonekana kidogo makumbushoni?

Jibu moja ni upendeleo wa wasomi. Tangu Nina Rodrigues, ilidhaniwa kwamba Wayoruba walikuwa na dini na sanaa bora, na kwamba Wabantu walikuwa waigaji tu. Edison Carneiro alijaribu kusawazisha mambo kwa kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wabantu wa Bahia, lakini hata yeye hakuepuka kabisa dhana hiyo. Jibu la pili ni la kiisimu, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Tunalipata kwa Yeda Pessoa de Castro, mwanaisimu wa Bahia aliyekuwa mstari wa mbele katika kuyaanzisha Makumbusho ya Afro-Brazili, na aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1976 katika chuo kikuu cha Lubumbashi, katikati ya nchi inayosema Kiswahili cha Katanga.

Castro alionyesha kwamba maneno ya Kiyoruba katika Kireno cha Bahia yamejikusanya hasa katika ibada na vyakula vya ibada, ambapo maneno ya Kibantu yametapakaa katika maisha yote hata wasemaji hawajui tena kwamba ni ya Kiafrika. Kitindamimba huitwa caçula, kutokana na Kimbundu kasule. Unga ni fubá. Nyigu ni marimbondo, neno ambalo bado limebeba kiambishi ma- cha wingi, kama ma- yetu katika majani na mawe, ingawa Mreno analitumia kwa nyigu mmoja. Kutukana ni xingar, kutokana na kuxinga. Maneno haya yamepewa viambishi vya Kireno, yakanyambuliwa, yakazaa mengine. Kadiri neno linavyokaa muda mrefu katika nyumba ya lugha ndivyo linavyopoteza sura ya ugeni.

Hata jina kandomble, linalotajwa kila mara pamoja na miungu ya Kiyoruba, Castro amependekeza kwamba limetokana na kitenzi cha Kibantu chenye mzizi -lomb-, yaani kuomba au kusali, pamoja na kauli ya kutendea. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Kitenzi chetu omba ni ndugu wa lomba, kikiwa kimeangusha konsonanti ya mwanzo kama ota ilivyofanya mbele ya lota ya lugha nyingi za Kibantu. Pendekezo hili likikubaliwa, kandomble ni kuombea.

Zipo nyumba za ibada zinazojitambulisha kuwa za taifa la Angola au Kongo. Bate-Folha, iliyoasisiwa mwaka 1916 na Manoel Bernardino da Paixão, iliingizwa katika urithi wa taifa mwaka 2003. Humo ngoma huitwa ngoma. Mkuu wa kike huitwa mameto, nalo ni Kimbundu mam'etu, mama yetu. Mkuu wa kiume ni tateto, baba yetu. Roho zinazoabudiwa huitwa nkisi, ambazo kwa Kikongo wingi wake ni minkisi, ngeli ile ile ya mti na miti. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza angeweza kuzichambua istilahi hizi ubaoni.

Tusitie chumvi. Waafrika wa upande wetu wa Bahari ya Hindi walipelekwa Brazili pia, hasa kutoka Msumbiji katika karne ya 19, lakini wengi wao walishukia Rio de Janeiro, si Bahia. Tunachokiona Salvador ni ukoo mmoja wa lugha, wala hatupaswi kudai kwamba ni Kiswahili.

Hata Museu Carlos Costa Pinto, lililo wazi tangu mwaka 1969 na lililokusanywa na familia ya kitajiri, linaweza kusomwa kwa namna hii. Kati ya fedha za mezani kuna mafungu ya hirizi za fedha yaitwayo balangandã, na mikufu mizito iliyovaliwa na wanawake weusi, watumwa na waliojikomboa. Kabati linamsifu mfua fedha. Mtazamaji mwangalifu atauliza juu ya kiuno kilichozibeba.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza utaratibu huu. Mtu aanze na Makumbusho ya Afro-Brazili, akiutafuta humo mkusanyo wa Estácio de Lima. Kisha aende Casa do Benin ili aione Afrika ya Verger. Baada ya hapo aombe ruhusa kuzuru makumbusho ya Opô Afonjá au Gantois, na Bate-Folha iwapo atakaribishwa. Akipata nafasi asiache Makumbusho ya Taifa ya Utamaduni wa Afro-Brazili, yaliyofunguliwa tena mwaka 2023 katika mji wa kale, kwa ajili ya kazi za wasanii weusi wenyewe. Mwisho asimame barabarani na kununua acarajé. Ni bajia ya kunde, karibu sawa na bajia za kunde za pwani yetu. Jina lake ni la Kiyoruba, lakini inakaangwa kwa mafuta ya mawese yaitwayo dendê, na jina hilo ni la Kimbundu. Kazi ya wanawake wanaoiuza iliandikwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2005.

Vitu hudumu kabatini kwa bahati ya mkusanyaji; maneno hudumu kwa kutumiwa. Watu waliofika mapema, wakiwa uchi na katika minyororo, hawakuacha vitu vingi vya kuonyeshwa. Waliacha lugha. Kwa hiyo mwanaisimu hamfuati mwanamakumbusho nyuma, bali hutembea naye, akiwataja wale ambao kabati haliwezi kuwataja.

Jambo hili si la Bahia pekee. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20 ikapelekwa London. Vigango vya Wamijikenda viliibwa makaburini na kuuzwa ng'ambo, na ni vichache tu vilivyorudi, vikiwamo viwili vilivyorudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Maswali matatu tuliyoyauliza Salvador yanafaa kuulizwa katika majumba yetu pia: nani alikusanya, nani alitaja, na nani hayumo.